Kuzamia Pemba: yanayosemwa na yalivyo

"Mtungini mna oksijeni."
Mna hewa ya kawaida iliyoshindiliwa: asilimia 21 oksijeni, iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Oksijeni tupu, ikivutwa chini ya mita 6, inaweza kumtia mzamiaji degedege, na degedege majini humzamisha mtu. Cha kuhofia zaidi visiwani ni kompresa, mashine ya kujaza mitungi hewa. Bomba la kuvuta hewa likikaa upande wa moshi wa injini, kaboni monoksidi huingia mtungini. Haina harufu, na kwenye mita 30, penye shinikizo mara nne ya juu ya maji, makali yake huwa mara nne. Uliza kichujio kilibadilishwa lini, kisha nenda ukaangalie bomba lenyewe limeelekea wapi.

"Mtungi mmoja ni saa nzima."
Inategemea kina. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa shinikizo la bar 200 una lita 2,400 za hewa. Toa akiba ya bar 50, yaani lita 600, zinabaki 1,800. Anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, kwenye mita 10, penye shinikizo mara mbili, huvuta 40, kwa hiyo ana dakika 45. Kwenye mita 30 huvuta 80, na dakika 22 zimemwishia hata kabla ya kuhesabu safari ya kupanda. Pemba jambo hili ni zito, kwa kuwa mlango wa bahari kati yake na bara una kina cha mita 800 hivi na kuta za miamba hushuka bila chini kuonekana. Macho hayana pa kushika. Tazama kipimo cha kina kila baada ya muda mfupi.

"Hatari kubwa ni papa."
Hatari kubwa ni mkondo wa maji, na wavuvi wa kisiwani wanaujua kuliko kitabu chochote. Kwenye milango ya maji kati ya visiwa vidogo, kama Njao na Fundu, maji yanapojaa huingiza maji safi ya bahari kuu, nawe unaona mbali. Yanapokupwa hutoa tope la mikokoni, na humvuta mzamiaji nje kuelekea kilindini. Panga kuingia mwishoni mwa kujaa, maji yanapokaribia kusimama. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kasi huwa kubwa mno kwa mgeni. Ngoja maji mafu.

Ukikutwa na mkondo unaokushusha ukutani, usipigane nao kwa kupanda wima. Ogelea kwa pembe, ukiuacha ukuta, mpaka utoke ndani yake.

Kila mzamiaji, si kiongozi peke yake, abebe boya la ishara la rangi ya machungwa, kamba yenye kibiringo, filimbi na kioo. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi hakionekani mbali. Lirushe boya ukiwa bado kwenye kituo cha mita 5, unapotulia kabla ya kutoka majini, ili boti ikufuate mapema. Kibiringo kishikwe mkononi, kisifungwe mwilini: kamba ikinasa, boya litakuvuta juu kwa kasi inayopasua mapafu.

"Maji ya joto hayahitaji suti."
Maji hunyang'anya mwili joto upesi kuliko hewa. Kwa mizamo miwili au mitatu kwa siku, vaa ya milimita 3.

"Miamba ya mbali na watu ni mizima."
Visiwa vya Chagos, ambavyo wenyeji wake walikuwa wamehamishwa wote kufikia 1973, vilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe katika joto la bahari la 1998. Joto hilohilo liliipiga miamba ya Misali, kisiwa kidogo karibu na Pemba. Umbali hupunguza nyavu na nanga, lakini hauzuii joto.

"Ndege ndogo ya kurudi Unguja haina neno."
Naitrojeni bado imo mwilini, na angani, shinikizo likipungua, inaweza kugeuka mapovu. Baada ya mzamo mmoja subiri saa 12 angalau. Baada ya siku kadhaa za kuzamia, 18. Ukiwa na haraka, panda boti.

"Ukiumwa, utarudishwa chini ya maji upone."
Usikubali kamwe. Maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu baada ya kupanda hutibiwa kwa oksijeni tupu, lita 15 kwa dakika, njiani kuelekea chemba ya shinikizo, chumba maalumu cha kutibu wazamiaji. Saa moja hula lita 900, na kufika kwenye chemba ni kuvuka bahari. Kabla boti haijang'oa nanga, uliza ina lita ngapi za oksijeni, ugawe kwa 900, ulinganishe na saa za safari. Piga simu pia kuhakikisha kwamba chemba hiyo inafanya kazi wiki hiyo.