Bustani Robo, Foleni Nzima: Kiwango cha Msongamano na Muda wa Kusubiri Wakati wa Korona

Kiwango cha msongamano ni kipimo cha jinsi bustani ya burudani ilivyojaa siku fulani. Muda wa kusubiri ni dakika unazosimama kwenye foleni kabla hujakaa kwenye kiti cha kivutio unachokitaka, iwe treni ya kasi, mashua au gari la safari. Watu wengi huyachukua mambo haya mawili kama kitu kimoja: wageni wakiongezeka foleni inarefuka, wakipungua inafupika. Lilipokuja janga la korona na kikomo cha idadi ya watu, hesabu hiyo rahisi ilikataa.

Walt Disney World ya Florida ilifunga milango katikati ya Machi 2020. Tarehe 11 Julai ikafungua bustani mbili, Magic Kingdom na Animal Kingdom, na siku nne baadaye zikafuata EPCOT na Hollywood Studios. Kila mgeni alivaa barakoa, alipimwa joto mlangoni, na hakuna aliyeingia bila kuweka nafasi ya siku hiyo mapema. Wiki zile za mwanzo watu walipanda vivutio vikubwa karibu bila kusimama. Ilipofika msimu wa sikukuu mwishoni mwa mwaka, bustani zile zile, ambazo kwa maelezo ya kampuni hazijafika hata nusu ya uwezo wake, zilikuwa na foleni za saa nzima na zaidi. Wageni wakaanza kunung'unika kwamba wamedanganywa. Kwa maoni yangu hawakudanganywa. Walipewa jibu la swali ambalo hawakuwa wameuliza.

Tuanze na asilimia yenyewe, maana hapo ndipo wengi walipopotea. Novemba 2020 Bob Chapek, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Disney, alisema kikomo cha Florida kimepandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Asilimia 35 ya nini? Kampuni haikutaja idadi kamili. Msomaji wa kawaida alichukulia kwamba ni asilimia 35 ya umati aliouzoea, yaani kama siku ya kawaida ina watu kumi, sasa watakuwa watatu na nusu. Sivyo. Asilimia ile ni ya uwezo wa juu kabisa, kiasi ambacho bustani hukifikia siku chache sana za mwaka, kama inakifikia.

Mfano mzuri uko Shanghai kwa sababu kule tarakimu zilijulikana. Bustani ya Disney ya Shanghai ilifunguliwa tena tarehe 11 Mei 2020, na serikali iliiruhusu kupokea asilimia 30 ya uwezo wake wa watu 80,000 kwa siku, yaani watu 24,000. Ukisikia asilimia 30 unawaza uwanja mtupu. Lakini mwaka 2019 bustani hiyo ilipokea wageni takriban milioni 11.2, na ukigawa kwa siku 365 unapata wastani wa kama 30,700 kwa siku. Kwa hiyo kikomo cha asilimia 30 kingeweza kuingiza zaidi kidogo ya robo tatu ya umati wa siku ya kawaida kabla ya korona. Kampuni yenyewe ilianza chini ya kiasi hicho kwa hiari yake, na ilifanya vizuri.

Japani kwa muda walikwepa mkanganyiko huu. Mwaka 2021, wakati wa hali ya dharura, bustani za Disney za Tokyo zilipewa kikomo cha idadi kamili: watu 5,000 kwa siku kwa kila bustani. Nambari kama hiyo haihitaji kufasiriwa. California nako walirudi kwenye asilimia: Disneyland ilipofunguliwa tarehe 30 Aprili 2021, baada ya zaidi ya mwaka mzima wa kufungwa, kikomo kilikuwa asilimia 25, na mwanzoni waliruhusiwa wakazi wa jimbo hilo peke yao.

Sasa tuje kwenye foleni. Muda wa kusubiri hautokani na idadi ya watu waliomo bustanini. Unatokana na kugawanya: watu waliosimama mbele yako, gawanya kwa idadi ya watu ambao kivutio kinawabeba kwa saa. Wataalamu wa foleni wana kanuni yao, inayoitwa sheria ya Little, kwa jina la John Little, Mmarekani aliyeithibitisha kihesabu mwaka 1961. Inasema jambo hilo hilo kwa lugha ya alama. Foleni ya watu 600 kwenye kivutio kinachobeba watu 1,200 kwa saa ni nusu saa. Kivutio hicho kikibeba 600 kwa saa, watu wale wale 600 ni saa nzima, hata kama bustani nzima haina mtu mwingine.

Aliyepanda matatu Kenya mwaka 2020 hahitaji kufundishwa hili. Gari la viti 14 liliamriwa kubeba abiria 8. Stejini pakiwa na watu 56, zamani magari manne yangewamaliza. Kwa amri ile yalihitajika saba. Watu ni wale wale, barabara ni ile ile, na bado unachelewa kazini.

Bustanini ilikuwa hivyo hivyo. Kwenye treni ya kasi, safu moja ilikaliwa na inayofuata ikaachwa wazi. Familia ya watu wawili ilipewa behewa la watu wanne. Baada ya muda fulani kivutio kilisimamishwa ili wahudumu wapulize dawa na kufuta vyuma vya kujishikia. Kwa hiyo kikomo cha korona kilipunguza pande mbili za ule mgawanyo kwa pamoja: watu waliokuja, na watu waliobebwa. Julai 2020 waliokuja walikuwa wachache mno, kwa sababu virusi vilikuwa vimeshamiri Florida na wengi waliogopa kusafiri, hivyo upande wa kwanza ukashuka kuliko wa pili na foleni zikayeyuka. Miezi iliyofuata woga ulipungua, familia zikarudi, kikomo kikapandishwa, lakini viti vingi bado vilikuwa wazi. Hapo mizani ikageuka.

Disney walijaribu kurekebisha upande wa pili kwa plastiki ngumu zinazoonyesha, zilizosimamishwa kati ya safu na safu ili kila safu iweze kukaliwa. Mojawapo ya vivutio vilivyowekewa ni Kilimanjaro Safaris ya Animal Kingdom, lile lori la wazi linalokuzungusha kati ya twiga na vifaru. Tukipita tu: lori hilo linaondokea karibu na mji wa kubuni uitwao Harambe, uliojengwa kwa sura ya miji ya pwani yetu, wenye mabango ya Kiswahili. Pengine ndiyo foleni pekee ya Florida ambayo Mswahili anaweza kupunguza uchovu wake kwa kusoma kuta.

Kuna kitu kingine kilichovuruga hesabu, na kwangu mimi ndicho kitamu kuliko vyote. Kabla ya janga, Disney ya Florida ilikuwa na mfumo wa FastPass+, ambapo mgeni aliweka miadi na kivutio mapema kisha akaja kupita mlango wa pembeni. Foleni ya kawaida ilingoja hao wapite. Tuseme kivutio kinabeba watu 1,200 kwa saa, na 900 kati yao wanatoka kwenye mlango wa pembeni. Waliosimama foleni ya kawaida wanabaki na nafasi 300 tu kwa saa. Bustani ilipofunguliwa Julai 2020 mfumo huo ulikuwa umesimamishwa. Sasa kivutio kinabeba nusu, watu 600 kwa saa, lakini wote 600 wanatoka foleni moja. Angalia kilichotokea: uwezo umekatwa nusu, na foleni ya kawaida inasogea mara mbili ya zamani. Mgeni aliyezoea kupiga hatua tatu kisha kusimama dakika tano akajikuta anatembea, polepole lakini bila kukoma. Ndiyo maana wapo walioapa kwamba hawajawahi kufurahia bustani ile kama mwaka wa korona, hata siku ambazo ubao wa muda wa kusubiri mlangoni pa kivutio ulionyesha dakika nyingi.

Macho nayo yalidanganya sana. Kanuni ilitaka futi sita, karibu mita mbili, kati ya kundi na kundi. Chini palibandikwa alama za kusimamia, na familia ilisubiri kwenye alama yake mpaka ya mbele isogee. Fanya hesabu: familia ya watu watatu, ukijumlisha nafasi waliyosimama na mita mbili za kutenganisha, inachukua kama mita tatu. Foleni ya mita 200 hapo ina familia zisizofika 70, yaani watu kama 200. Zamani urefu huo huo, wakiwa wamebanana watatu kwa kila mita, ungekuwa na watu 600. Isitoshe, vyumba vya kusubiria ndani ya majengo havikuweza kujazwa kama zamani, kwa hiyo mkia wa foleni ulitokeza nje, ukapita mbele ya maduka, ukazunguka kona. Mhudumu alisimama huko mwisho na kibao cha kuonyesha mahali pa kuanzia. Hollywood Studios, kivutio cha Mickey & Minnie's Runaway Railway, kilichozinduliwa siku chache tu kabla ya kufungwa mwezi Machi, kilikuwa na mkia uliomwagika hadi nje ya jengo lake. Umati ule ukipigwa picha ukiwa umejipanga mpaka barabarani, nani atakuamini ukimwambia ni kusubiri kwa dakika ishirini?

Upande wa pili wa shilingi, watu hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Siku ya kawaida bustani huficha maelfu ya wageni: wengine wamekaa ukumbini wanatazama onyesho, wengine wamejipanga kando ya barabara kungoja maandamano ya wahusika, wengine wako mgahawani. Wote hao hawako kwenye foleni. Wakati wa kikomo, maonyesho makubwa yalisitishwa, fataki zikasitishwa, maandamano marefu yakabadilishwa kuwa misafara mifupi isiyotangazwa saa, na migahawa ikapunguza meza. Aliyelipa kiingilio alikuwa na kazi moja tu, kupanda vivutio. Na saa zenyewe zilikatwa: kuanzia Septemba 2020 Magic Kingdom ilikuwa inafungwa saa 12 jioni. Watu wachache, wote wakitaka kitu kimoja, ndani ya saa chache.

Ndiyo maana vile vipimo vya msongamano vinavyotolewa kwa alama 1 hadi 10, kama vya tovuti ya Marekani iitwayo TouringPlans, vilihitaji kusomwa kwa makini kipindi kile. Wengi hudhani alama ya 8 ina maana bustani imejaa kwa asilimia 80. Kumbe alama hizo hazihesabu vichwa. Zinatokana na muda wa kusubiri kwenye vivutio vikuu mchana. Siku yenye watu wachache na viti vingi vitupu inaweza kupata alama ya juu. Siku yenye watu wengi na vivutio vyote vikienda kwa kasi inaweza kupata ya kati. Kwa mgeni hicho ndicho kipimo chenye faida, maana hakwenda kule kuhesabu watu. Asilimia ya kikomo ilikuwa takwimu ya maafisa wa afya, na kwao ilifanya kazi yake.

Hata ubao wa dakika mlangoni si kauli ya mwisho. Zamani Disney walikuwa wakimpa mgeni mmojammoja kadi nyekundu mwanzo wa foleni, airudishe akifika mbele, na tofauti ya saa ndiyo inayowaonyesha kusubiri kulikuwa kwa muda gani. Lakini kadi inarudi na habari za foleni iliyokwisha kupita, na wasimamizi hupenda kuandika dakika nyingi kidogo kuliko zilizopo, maana mgeni aliyeambiwa 40 akatoka kwa 30 hanung'uniki. Wakati wa kikomo, foleni ikiwa imenyooshwa kwa umbali wa mita mbili, makisio yalizidi kuwa magumu, na mara nyingi ubao ulisema zaidi ya ilivyokuwa.

Mei 2021 umbali wa futi sita ulipunguzwa hadi futi tatu, upimaji wa joto ukaondolewa, safu zikaanza kujazwa. Oktoba mwaka huo mlango wa pembeni ukarudi kwa jina la Lightning Lane, safari hii kwa kulipia, na foleni ya kawaida ikarudi kungoja wengine wapite. Kuweka nafasi ya siku mapema ndiko kulikochelewa kuondoka: kwa tiketi nyingi za tarehe maalumu, Disney ya Florida iliacha kudai hilo Januari 2024.