Dohani kwanza, jiko baadaye: kufunga na kutunza jiko la kuni nyumbani

Mtu anapoamua kuweka jiko la kuni ndani ya nyumba, macho yake huenda kwenye jiko lenyewe: ukubwa wake, kioo cha mlango wake, idadi ya sufuria zinazokaa juu yake. Bomba la moshi hufikiriwa mwishoni, tena mara nyingi kwa fedha iliyobaki. Kazi yangu ni kufunga na kukagua majiko ya aina hii, na kwa maoni yangu mpangilio huo wa mawazo ndio unaozaa sehemu kubwa ya hatari. Jiko bora lililounganishwa na dohani mbovu litajaza moshi nyumbani na linaweza kuunguza paa, ilhali jiko la kawaida kabisa lenye dohani iliyojengwa vyema hufanya kazi miaka mingi bila kumtia mtu hofu. Kwa hiyo nitaanza na dohani, na nitakaa hapo kwa muda.

Dohani huuvuta moshi. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, hivyo moshi wa moto hupanda ndani ya bomba, na nafasi unayoiacha hujazwa na hewa ya chumbani inayoingia kwenye jiko kupitia matundu yake na kuulisha moto. Nguvu ya mvuto huo hutegemea zaidi urefu wa dohani na tofauti ya joto kati ya moshi ulio ndani na hewa iliyo nje. Ndiyo maana bomba lililopitishwa nje ya ukuta, ambako upepo na baridi hulipoza, huvuta vibaya kuliko lile linalopanda wima ndani ya nyumba na kutokeza juu ya paa. Kila kona hupunguza kasi ya moshi na kuyapa masizi mahali pa kutulia. Kona mbili za nyuzi 90 ndizo kikomo changu, na kama hakuna budi kuwa na kipande cha bomba kinacholala, kiwe kifupi na kiinuke kwa takribani sentimita 2 kwa kila mita kikielekea dohani. Bomba nalo lisiwe jembamba kuliko tundu la jiko la kutolea moshi, kwa kuwa moshi usiopata njia ya mbele hurudi chumbani.

Juu ya paa, kipimo kinachotumika sana ni hiki: dohani ipite paa kwa sentimita 90 angalau pale inapotokezea, na iwe juu kwa sentimita 60 angalau kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake, iwe ni kilele cha paa, ukuta au tangi la maji. Sababu yake ni upepo. Upepo unapogonga paa hujikunja na kushuka upande wa pili, na dohani fupi iliyosimama kwenye mkunjo huo husukumiwa moshi wake chini. Watu wengi hubadilisha jiko baada ya kusumbuliwa na moshi siku za upepo, na wakati mwingine kilichohitajika ni kuongeza mita moja ya bomba.

Kuna jambo moja la viungo ambalo husababisha ubishi karibu kila ninapolieleza. Vipande vya bomba linalotoka kwenye jiko huunganishwa kwa namna ambayo ncha ya kipande cha juu inaingia ndani ya kipande cha chini. Mtu huona kwamba ingefaa kinyume chake, ili moshi unaopanda usipenye kwenye kiungo. Lakini dohani inayovuta vizuri hunyonya hewa ndani kupitia mianya midogo. Haitoi moshi nje. Kinachotafuta njia ya kutoka ni maji meusi yenye lami yanayotiririka ndani ya bomba kuelekea chini, na viungo vikifungwa kwa mpangilio huu, maji hayo hurudi ndani ya jiko yakaungua badala ya kuchuruzika ukutani. Kila kiungo kishikwe kwa skrubu tatu. Bomba likishika moto ndani hutikisika kwa nguvu, na viungo visivyo na skrubu vinaweza kuachana wakati huohuo.

Mahali pa hatari kuliko pote ni pale dohani inapopita kwenye dari na paa. Bomba la bati moja halipaswi kamwe kupenya dari, sakafu au ukuta wenye mbao. Sehemu hiyo inahitaji bomba la kuta mbili lenye kihami joto katikati, au dohani ya matofali, pamoja na nafasi tupu kati yake na boriti kwa kadiri alivyoelekeza mtengenezaji. Nafasi hiyo isijazwe pamba wala matambara kwa nia ya kuziba baridi. Mbao za kawaida hushika moto zikifikia nyuzijoto 250 hadi 300 za Selsiasi, na mtu anayegusa boriti iliyo karibu na bomba akaiona ina moto tu wa kuvumilika hudhani yuko salama. Tatizo ni kwamba ubao unaopashwa joto mara kwa mara kwa miezi na miaka, hata kwa joto linalokaribia lile la maji yanayochemka, hubadilika taratibu. Hukauka, huwa mweusi, hukaribia kuwa mkaa, na kiwango cha joto kinachohitajika kuuwasha hushuka. Kwa hiyo nyumba inaweza kukaa misimu kadhaa bila tatizo lolote, kisha ikawaka usiku ambao jiko halikutumika tofauti na siku nyingine. Mwenye nyumba akiniambia kwamba bomba lake limepita hapo miaka mingi bila kuunguza kitu, ninazidi kutaka kupanda darini kuziona hizo boriti.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoamua umbali wa jiko na kuta. Fuata maelekezo ya mtengenezaji na kanuni za ujenzi za mahali ulipo. Hayo hutangulia neno la fundi yeyote, langu likiwamo. Pale ambapo jiko halina maelekezo, kipimo cha tahadhari ni sentimita 90 kutoka kwenye jiko hadi kitu chochote kinachoweza kuungua, na sentimita 45 kutoka kwenye bomba la bati moja. Pazia, kochi, rundo la kuni na nguo zilizoanikwa zikauke vyote vinahesabiwa. Wengi hujaribu kupunguza umbali huo kwa kubandika vigae au matofali juu ya ukuta wa mbao, lakini vigae vilivyobandikwa moja kwa moja hupitisha joto hadi kwenye mbao zilizo nyuma. Kinachosaidia ni bati lililosimamishwa mbele ya ukuta kwa nafasi ya sentimita 2.5, likishikiliwa na vipande visivyoungua, na likiwa wazi chini na juu ili hewa ipite nyuma yake na kuondoka na joto. Chini ya jiko pawe na sakafu isiyoungua inayotokeza mbele ya mlango kwa sentimita 45 hivi, maana makaa huruka mlango unapofunguliwa. Nyumba yenye watoto wadogo iwekewe uzio wa chuma kuzunguka jiko.

Jiko linalowaka linakula hewa, na hewa hiyo ni lazima itoke mahali. Katika nyumba iliyozibwa vizuri, feni inayotoa hewa ya jikoni au bafuni inaweza kuishinda dohani nguvu na kuurudisha moshi chumbani. Jaribio rahisi ni kuwasha feni zote huku moto ukiwa mdogo na kuangalia moshi unaelekea wapi. Ukirudi, jiko linahitaji njia yake ya hewa kutoka nje.

Moshi unaoonekana humfanya mtu akohoe na kufungua dirisha. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hujishika na hemoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, mambo ambayo mtu huyadhania kuwa ni homa. Ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja na kupata nafuu wanapotoka nje, wasirudi ndani hadi hewa ibadilike na jiko likaguliwe, nao waende hospitali. Hatari huongezeka moto unapofifia, kwa kuwa makaa mekundu hutoa gesi hii kwa wingi bila moshi wa kuonya, na dohani inayopoa huvuta kidogo. Kwa sababu hiyo kilango cha kwenye bomba, kile cha kupunguza mvuto, kisifungwe kabisa wakati makaa bado yanang'aa. King'ora cha kaboni monoksidi kiwekwe karibu na vyumba vya kulala, na king'ora cha moshi kiwe kitu tofauti, kwa kuwa kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Moshi wa kawaida nao usidharauliwe. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani, unaotokana zaidi na nishati za kupikia zinazotoa moshi, ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Nyumba inayonuka moshi kila jiko linapowashwa ina dohani inayohitaji kurekebishwa.

Baada ya dohani, kinachoamua usalama wa jiko ni ukavu wa kuni. Ukuni uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na kila kilo ya maji huhitaji takribani megajuli 2.26 ili iwe mvuke, bila kuhesabu joto la kuyafikisha kwenye kuchemka. Joto hilo lote hupotea kabla ya nyumba kupata chochote. Lakini hasara kubwa zaidi ni kwamba moto unapoa, gesi za kuni haziungui zote, na moshi mzito wenye unyevu unaingia kwenye bomba. Moshi huo ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi, mvuke na lami hujigandisha kwenye kuta za ndani. Hii ndiyo kreosoti. Huanza kama vumbi jepesi linalotoka kwa brashi, ikaendelea kuwa magamba magumu, na mwishowe ikawa tabaka jeusi linalong'aa ambalo brashi hailiwezi. Na kreosoti ni kitu kinachowaka.

Kuni za kuchoma ziwe na unyevu usiofika asilimia 20. Zipasue, zipange juu ya kitu kinachoziinua kutoka ardhini, zifunike juu tu na kuacha pande wazi upepo upite, na uzipe miezi sita hadi mwaka; miti migumu mara nyingi hutaka zaidi ya mwaka. Ukuni mkavu ni mwepesi, una nyufa kwenye ncha zake, na vipande viwili vikigongwa hutoa mlio mkali. Kipima unyevu kitumike kwenye uso uliopasuliwa papo hapo, kwa kuwa uso wa nje hukauka mapema na kudanganya.

Hata kuni kavu huzalisha kreosoti zikinyimwa hewa. Tabia ninayoipinga kuliko zote ni kulijaza jiko kuni hadi pomoni usiku, kisha kufunga matundu ya hewa ili moto uchechemee hadi asubuhi. Moto mdogo wenye mwali mkali ni salama kuliko moto mkubwa unaofuka. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, plastiki na takataka visiingie ndani ya jiko kwa sababu ya sumu zake, na magogo yaliyookotwa baharini nayo yaachwe, kwani chumvi yake hula chuma. Petroli na mafuta ya taa visitumike kuwasha moto.

Dohani isuguliwe na kukaguliwa mara moja kwa mwaka angalau, na mapema zaidi tabaka la ndani likifikia unene wa milimita 3. Brashi iwe na upana wa bomba lenyewe, na kofia ya juu itazamwe pia, hasa yenye wavu, kwa kuwa wavu huziba upesi. Kamba inayozunguka mlango hupimwa kwa karatasi: ifungie mlangoni na kuivuta, ikitoka bila ukinzani, mlango unapitisha hewa na kamba inahitaji kubadilishwa. Matofali ya ndani yenye ufa mwembamba yanaweza kuendelea, lakini yanayomong'onyoka yabadilishwe kabla moto haujaanza kuila bodi ya jiko. Majivu yatolewe kwa ndoo ya chuma yenye mfuniko na kuwekwa nje, mbali na mbao, kwa sababu makaa yaliyofunikwa na majivu huweza kubaki hai kwa siku kadhaa.

Kreosoti ikishika moto ndani ya bomba, utasikia ngurumo na mtikisiko, na cheche zitaonekana juu ya paa. Funga mlango na matundu yote ya hewa ya jiko, watoe watu wote nje, kisha waite zimamoto. Usimwage maji ndani ya jiko wala kwenye dohani yenye moto, kwa kuwa maji hugeuka mvuke ghafla na kupasua chuma na matofali. Joto la moto huo linaweza kupita nyuzi 1,000, kiasi cha kupinda bomba na kupasua dohani kwa ndani bila dalili yoyote kwa nje. Hata ngurumo ikinyamaza yenyewe, waache zimamoto wapande darini kukagua boriti zinazopakana na dohani, na ukaguzi huo urudiwe saa chache baadaye, maana mbao zinaweza kufuka polepole kabla ya kuwaka. Jiko lisiwashwe tena hadi dohani yote ikaguliwe kwa ndani, kutoka kwenye jiko hadi kofia.