Sisimizi hawashiki usukani

Wengi wakisikia magari yanayojiendesha hupangiwa njia kwa "akili ya sisimizi", hudhani mdudu yule anaijua njia ya mkato. Haijui. Mwaka 1989 Jean-Louis Deneubourg na wenzake wa Brussels waliwawekea sisimizi wa Argentina daraja la matawi mawili, moja fupi, moja refu, kuelekea kwenye chakula. Mwanzoni walipita kote kote. Lakini aliyepita pafupi alirudi mapema, harufu anayoiacha njiani ikaongezeka mapema, na wenzake wakafuata palipokolea. Mwishowe karibu wote wakawa upande mfupi, na hakuna aliyepima chochote. Ila tawi fupi lilipoletwa nusu saa baadaye, wengi waling'ang'ania lile refu walilolizoea.

Kwa hiyo si kweli pia kwamba kompyuta inawaiga kama walivyo. Mtafiti Marco Dorigo, katika tasnifu yake ya Milano ya mwaka 1992, aliifanya harufu ya kila barabara kuwa namba, na namba hiyo hupunguzwa makusudi kila mzunguko. Tuseme barabara ina 100 na hupungua kwa asilimia 10: isipopitwa inabaki 90, kisha 81. Kusahau ndiko kunakowanusuru sisimizi wa kompyuta wasing'ang'anie njia ya zamani.

Je, gari hukwepa mtoto aliyekatiza barabara kwa njia hiyo? Hapana, hakuna muda wa mizunguko. Hata kutoka hapa hadi pale kwenye ramani, hesabu za kutafuta njia fupi, ile ya Dijkstra ya 1959 au ile iitwayo A* ya 1968, hutosha. Junior, gari la Chuo Kikuu cha Stanford katika mashindano ya 2007 ya DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, lilitumia aina ya A*. Sisimizi wanafaa kwenye gari la vifurushi lenye vituo 15 na swali la kipi kianze: mipangilio inapita trilioni 1.3. Hapo hukupa njia nzuri, si lazima iwe bora kuliko zote.

Na si kila mnyama mpya ni ugunduzi mpya. Siku hizi kuna algoriti, yaani mtiririko wa hatua za hesabu, ya popo, ya vimulimuli, ya mbwamwitu, mimi nimechoka kuhesabu. Dorigo mwenyewe na wenzake walizichambua hizo tatu, wakakuta ni hesabu inayoiga kundi la ndege, ya mwaka 1995, iliyobadilishwa majina.