Kutosikia moyo kwenda mbio si uthibitisho wa uzima

Wengi jijini Dar es Salaam huamini kwamba mtu mwenye kitambi, presha na sukari iliyopanda atajua mapigo ya moyo wake yamevurugika pale tu atakapousikia ukienda mbio. Si kweli. Mafuta yanayouzunguka moyo, pamoja na presha inayotanua vyumba vyake vya juu, huweza kuvuruga njia za umeme hadi vyumba hivyo vitetemeke badala ya kusukuma damu, na mara nyingi mwenyewe hasikii lolote. Damu inayotuama humo huganda. Donge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi, ambacho hatari yake huongezeka takribani mara 5. Kipimo cha umeme wa moyo, kinachopatikana hata Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, huchukua dakika chache na hakiumizi, ingawa hitilafu inayokuja na kuondoka yaweza kuhitaji kipimo cha saa 24.