Ile "asilimia 10 ya ubongo" si kweli

Kwenye magrupu ya wazazi mjini Kigoma, Mwanga hadi Ujiji, kuna ujumbe usiokufa: binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo, na 90 iliyobaki hufunguliwa kwa vidonge au kozi fulani. Si kweli.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake, hata mtu akiwa amekaa tu. Ukitaka kulipima dai, mtazame aliyepata kiharusi: mshipa mdogo ukiziba upande wa kushoto, anaweza kushindwa kutamka "dagaa" huku anawaona sahanini.

Kinachochanganya zaidi ni picha za ubongo ukiwa kazini, zinazopigwa kwa MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili. Huonyesha madoa machache ya rangi. Madoa hayo ni tofauti tu: vipimo vya mtu akisoma, kutoa vya mtu akipumzika. Penye kijivu hapajalala. Pamefanya kazi karibu ileile mara zote mbili. Na seli nyingi za ubongo zikirusha umeme wake kwa mpigo mmoja, hicho ni kifafa, si kipaji.

Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze. Muuza vidonge naye aulizwe hiyo 90 aliipimaje.