Kayaki Haina Matengo

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaotaka kuvua kwa kayaki ni la rodi. Ninunue rodi gani, rili ya ukubwa gani, uzi wa ratili ngapi? Anayeuliza mara nyingi keshapata kayaki, ama ya mtumba kutoka hoteli iliyobadilisha vyombo vyake, ama kaletewa na ndugu ndani ya kontena, na roho yake yote iko kwa nguru nje ya mwamba wa Matemwe, huku kwetu mashariki ya Unguja. Mimi humrudishia swali: nanga umeifunga wapi? Akinambia "hapa ubavuni, karibu na mkono," najua tuna kazi.

Nimekulia kwenye ngalawa. Sote tunaijua: gogo la mwembe lililochongwa likawa jembamba kama ganda la ukwaju, ambalo bila ya matengo yake mawili halisimami majini hata dakika moja. Mafundi waliotangulia waliona kwamba chombo chembamba kinakwenda mbio lakini kinalala, wakakipa mikono miwili ya kuegemea. Kayaki ya kuvulia imepita njia nyingine. Imepanuliwa tumbo, sentimita 75 hadi 90, imefungwa hewa ndani, ina matundu ya kutolea maji sakafuni, na mtu anakaa juu yake badala ya ndani yake. Wimbi la mbele inalipanda vizuri sana. Mvuto wa ubavuni ndio adui yake, na baharini mvuto huo una njia tatu za kuja: nanga, samaki na wimbi linalovunjika. Karibu kila kifaa ninachobeba, na karibu kila ninachofanya nikiwa nje, ni kwa ajili ya kuuhamisha mvuto huo kutoka ubavuni kuupeleka omo, yaani mbele ya chombo, au tezi, nyuma yake.

Hili sikufundishwa na mtu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikitembeza wageni kwa kayaki ndani ya wangwa, yale maji ya baina ya ufukwe na mwamba, basi nikajiona najua. Siku moja ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, nikatia nanga nje ya mlango, ule upenyo wa kwenye mwamba, kina cha pima 8 hivi, kamba nikaifunga kwenye kishikio cha ubavu kwa sababu ndicho mkono ulichokifikia. Mkondo ulikuwa ukienda kwa nguvu. Kamba ilipokaza, kayaki ikageuka ikaupa mkondo ubavu, upande ule wa kamba ukadidimia, maji yakapanda juu yake, na kabla sijamaliza kusema bismillahi nilikuwa chini nikiitazama kutoka upande wa pili. Rodi mbili zikaenda. Kisu kilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku nalo likaenda. Ami mmoja aliyekuwa akivua mshipi si mbali akaleta ngalawa yake, akakata kamba, akanisaidia kuipindua, kisha akaitazama kayaki kutoka omo hadi tezi. "Mwanangu," akauliza, "matengo yake umeyaacha nyumbani?"

Dawa yake ni rahisi, na inashinda rodi yoyote ya bei. Funga roda ndogo mbili, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, moja omo na moja tezi, pitisha kamba nyembamba izunguke baina yake kando ya ubavu, na kwenye kamba hiyo tia pete. Kamba ya nanga inapita kwenye pete. Unateremsha nanga ukiwa umekaa kitini, halafu unavuta ile kamba ya roda mpaka pete ifike omo au tezi kabisa, ndipo unafunga. Sasa chombo kinakaa sawa na mkondo kama bendera kwenye upepo. Kamba ya nanga iwe mara tatu ya kina kwa uchache, na mwisho wake uwe na boya, ili samaki mkubwa akishika au mambo yakiharibika uachie kila kitu uende zako, urudi baadaye kuokota. Kisu kikae kifuani, juu ya jaketi la kuokolea, mahali ambapo mkono wowote unakifikia. Na kwenye bamvua usitie nanga nje ya mwamba hata kidogo. Tumia mwavuli wa maji, kile kitambaa kinachofunguka kama kikapu chini ya maji na kukupunguzia mwendo wa kuchukuliwa. Nao ufunge omo au tezi, usiufunge ubavuni.

Nimetaja bamvua mara mbili, kwa hiyo tuyaseme maji, maana huku kwetu mashariki ya Unguja maji ndiyo yanayoamua kama utarudi umekaa juu ya chombo au unakiburura. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa kiasi cha saa nne. Sasa mpigie hesabu mgeni wa kayaki. Ametoka saa kumi na moja alfajiri, maji tele, amevuka wangwa kwa raha. Saa nne amechoka, jua limepanda, anataka nyumbani. Wangwa haupo. Kuna mawe, nyasi za bahari, vidimbwi, na kilomita nzima ya kuburura chombo cha kilo 40. Akikosea njia anapita juu ya vigingi na kamba za mwani, na mama zetu waliovifunga watamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wana haki.

Maji mafu ni kinyume chake, na ndiyo siku za mwanafunzi. Siku ya saba au ya nane ya mwezi wa kuandama, na tena ya ishirini na mbili hivi, maji hujaa karibu na saa nne asubuhi na tofauti yake ni ndogo. Unaondoka saa kumi na mbili na nusu maji yakipanda, unavua, unarudi kabla ya saa tano wangwa ukiwa bado una maji na upepo wa mchana haujakaza. Kila siku inayofuata sogeza mbele kwa dakika 50 hivi. Sihitaji programu ya simu kwa hili, ingawa ninayo. Nahitaji kujua mwezi ni wa ngapi, na huo msikitini wanaujua wote.

Mlango wenyewe una adabu yake. Maji yanapotoka kwa kasi yakakutana na mawimbi yanayoingia kutoka bahari kuu, mawimbi husimama wima na kukaribiana, na hapo ndipo ile njia ya tatu ya mvuto wa ubavuni inapokungojea. Pita maji yakiwa yamesimama au yanaingia. Ukikuta pamechafuka, kaa nje usubiri. Saa moja ya kusubiri ukinywa maji ya chupa haijamuua mtu. Ukilazimika kuingia, weka omo au tezi kwenye wimbi, rodi zote zilaze chini na uzifunge, na usikubali kukatiza.

Nje ya mwamba, mkondo mkuu wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi kwa nguvu zaidi, wakati wa kaskazi kwa ulegevu. Wengi hudhani upepo wa kaskazi unaurudisha kusini. Hapa kwetu haurudi, unapungua tu. Kwa hiyo mimi nikitoka huanza na kusini, napiga kafi dhidi ya mkondo nikiwa na nguvu zangu, na kurudi nyumbani ninasaidiwa. Anayeanza na kaskazini kwa kuwa ni rahisi anajikuta saa tano mchana amechoka na Ras Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, iko karibu kuliko kwao. Baada ya ras hiyo, nchi inayofuata ni Pemba.

Wakati wa kusi wenzetu wa magharibi, Kendwa na Mangapwani, wana bahari iliyolala kama mafuta, nasi mashariki tunapigwa na mawimbi. Hapo watu hubeba kayaki zao kwenye gari la mkaa kukimbilia huko. Mimi huogopa maji yale zaidi kuliko ya kwetu. Yamelala kwa sababu upepo unatoka nchi kavu, na upepo unaotoka nchi kavu unakusukuma nje. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyoacha kivuli cha kisiwa, upepo unakaza, na kurudi ni kupiga kafi ukiupa uso. Huku mashariki upepo wa misimu yote miwili unakurudisha ufukweni, japo kwa ukorofi. Ukivua magharibi kwenye kusi, usiende mbali kuliko unavyoweza kurudi kwa kafi lililovunjika nusu.

Haya, samaki.

Njia ninayoipenda ni kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya chombo kikiwa kinakwenda. Kayaki ina faida ambayo boti ya mashine haina: haina sauti, na mwendo wake wa kilomita 4 hadi 5 kwa saa ndio hasa unaomfaa kibua aliye hai au chambo bandia cha kuogelea. Fuata ukingo wa mwamba, pale pima 10 zinapoteremka kuwa 20, alfajiri kabla jua halijawa kali. Uzi mita 30 nyuma. Usiende moja kwa moja, nenda kama nyoka, kwa sababu kila unapopinda chambo kinapungua mwendo na kuzama kidogo, na mara nyingi nguru hupiga hapo. Mshipi mmoja unatosha. Wawili ni kwa mtu mwenye mikono minne.

Nguru ana tabia ya kukata samaki nusu kwa nyuma. Ndiyo maana chambo chako hurudi kichwa tu, na mtu hulaumu ndoana yake. Tia ndoana ya pili mkiani, iunganishwe na ya kwanza kwa waya wa chuma, maana meno yake nailoni hayaitambui. Lakini zile ndoana za pembe tatu zinazokuja na chambo bandia nazing'oa zote, naweka moja moja. Kwenye mashua, samaki anapotikisa kichwa unarudi nyuma hatua moja. Kwenye kayaki huna pa kurudi, na chambo kinatikisika baina ya mapaja yako.

Anaposhika, mwache akuvute. Elekeza rodi omo, na chombo kitageuka chenyewe kumfuata. Akikimbilia ubavuni, teremsha ncha ya rodi karibu na maji, legeza breki, geuza omo kwa kafi au kwa miguu, kisha endelea. Usishindane naye kwa upande. Breki ya rili iwe robo ya nguvu ya uzi, isizidi theluthi. Uzi wa ratili 30 basi breki ratili 7 na nusu hadi 10. Ipime ufukweni kwa mizani ya kuning'iniza, usikisie. Kwa jodari au kolekole mkubwa kina kirefu ni kazi hiyo hiyo, ila wao huzama chini ya chombo, na hapo rodi ndefu ya kuweza kuvuka omo ndiyo inayokuokoa. Na sulisuli akikushikia, piga picha moja ukate uzi. Nimewahi kuvutwa naye nusu saa, na sina hamu.

Akishachoka akalala, mtie kulabu kichwani, mpige rungu akiwa bado majini, ndipo umlete. Usimning'inize ubavuni kwa kamba kama wafanyavyo kwenye picha, unawaalika papa. Nguru, jodari, sehewa na vibua wanataka barafu pale pale, si baada ya kufika diko, pale panaposhushwa samaki. Wakikaa na joto hutengeneza sumu ambayo moto wa jikoni hauitoi, na mlaji anatokwa na vipele na uso mwekundu akidhani ni pilipili. Begi la barafu liwe nyuma ya kiti, chini, lisipandishwe juu ya vitu vingine, kwa sababu uzito wa juu nao hulaza chombo.

Kuhusu ruhusa sitasema mengi. Kabla ya kuteremsha chombo nenda kwa bwana diko, msimamizi wa hapo, ujitambulishe, hata ukiwa mwenyeji. Atakwambia sehemu zilizofungwa na za hifadhi. Maji ya kisiwa cha Mnemba yana masharti yake, na mwamba wa hifadhi wa kisiwa cha Chumbe hauvuliwi kabisa.

Na rodi? Mbili. Moja ya futi 7, ya kurambaza, nyingine fupi ya futi 5 na nusu hivi kwa jigi, kile chambo kizito cha kuzamishwa na kuinuliwa, kwa sababu ukiwa umekaa huna urefu wa kuinua ndefu. Rili inayobeba mita 250 za uzi wa kusuka inatosha. Pesa inayobaki nunua jaketi la kuokolea lenye nafasi mgongoni, bendera ya rangi ya chungwa yenye mlingoti wa mita moja na nusu ili mashua zikuone, firimbi, na mfuko wa simu usioingiza maji. Halafu ingia wangwani maji ya kiuno, ipindue kayaki makusudi, uipande tena kwa tumbo kutoka ubavuni, miguu ikipiga maji nyuma yako. Kisha nenda maji ya kutofika chini ufanye tena. Rodi usiende nazo siku hiyo.