Maji ya Kisima na Miche ya Avokado Nakuru: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Januari na Februari, mche wa avokado Rongai au Gilgil huishi kwa maji ya kisima. Visima virefu vya Bonde la Ufa vina tabia yake: maji yamepita kwenye miamba ya volkeno, na mengi yamebeba magadi. Juu ya maji hayo kuna maneno mengi, na baadhi yake yanakausha miche.

“Maji haya tunayanywa, mti utashindwaje?”

Ulimi si kipimo. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chini ya miligramu 600 za chumvichumvi kwa lita huwa na ladha nzuri, na huanza kukataa kinywani yakipita 1,000. Sasa uliza upande wa mti. Miligramu 600 ni takriban maikrosimensi 940 kwa sentimita, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambacho maabara hutumia kukadiria chumvi, ilhali mwongozo wa umwagiliaji wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) unataka tahadhari ianze kwenye 700. Avokado nayo ni kati ya miti ya matunda isiyostahimili chumvi kabisa.

Kisha kuna mrundikano. Jerikeni ya lita 20 ya maji ya maikrosimensi 1,000 ina karibu gramu 13 za chumvi. Mpe mche jerikeni mbili kwa wiki, na katika miezi mitatu ya kiangazi umeuwekea theluthi ya kilo shinani. Maji huondoka na jua, chumvi haiondoki. Kuyaacha yatulie tangini usiku kucha hutuliza tope tu, na kuyachemsha huyazidishia ukali.

“Yanatoa povu haraka, ni maji laini, ni mazuri”

Kwa nguo, sawa. Povu jepesi maana yake kalisi na magnesiamu ni kidogo, na huku kwetu mara nyingi nafasi yao imeshikwa na sodiamu. Sodiamu ikizidi, chembe za udongo wa mfinyanzi hutawanyika, uso unajiziba, maji yanasimama kwenye beseni la mche, na yakikauka udongo unakuwa mgumu kama sakafu. Maji yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, ambayo watu huyaogopa, mara nyingi ni rafiki zaidi wa udongo, kwa sababu ya kalisi yake.

Meno ya kahawia ya watoto wanaokunywa maji ya kisima ni habari ya madini ya floraidi, si ya chumvi. Hata hivyo mambo hayo mawili yana undugu: kalisi ikiwa haba, floraidi hukosa cha kuituamisha, ikabaki majini. Basi meno ya watoto yanaweza kukudokezea kuwa kalisi ni haba, lakini hayathibitishi. Na vile vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyojulikana Nakuru hupunguza floraidi; sodiamu hupita humo bila wasiwasi.

“Majani yameungua, ongeza maji kidogo kila jioni, na mbolea”

Angalia kwanza yameungua majani yapi. Chumvi huanzia kwenye ncha za majani makuukuu, kwa kuwa huko ndiko maji yanakotokea na kuiacha. Udongo unaweza kuwa umelowa na mche bado una kiu, maana chumvi imeyashikilia maji. Kunyunyiza kidogo kila siku hulowesha sentimita chache tu, na chumvi inakaa hapohapo penye mizizi michanga. Afadhali kumwagilia kwa nafasi lakini kwa kina, pamoja na ziada ya kuisukuma chumvi chini: kwa maji ya 1,000, asilimia 15 hadi 20 juu ya mahitaji ya mti. Ila usiuache udongo ukauke kabisa, na kama chini ya shimo kuna tabaka gumu, ziada hiyo haina pa kwenda.

Mbolea nayo ni chumvi, hasa ile ya potasiamu yenye kloridi. Samadi mbichi ya kuku pia. Majivu huongeza magadi juu ya magadi.

“Weka chokaa”

Chokaa ni dawa ya udongo wenye asidi, kama ule wa sehemu nyingi za Kakamega na Uasin Gishu. Penye sodiamu inatakiwa jasi (gypsum), na bado maji mengi yafuate kuiosha.

“Mvua itaosha yote”

Mvua kubwa ya Aprili, ndiyo, kama udongo unapitisha maji. Manyunyu ya kwanza huyeyusha ukoko wa juu na kuurudisha mizizini, ndiyo maana wenye mipira ya matone hawaifungi siku hizo. Faida kubwa ya mvua iko kwenye paa: changanya maji yake nusu kwa nusu na ya kisima, chumvi inapungua karibu nusu.

“Mti wa jirani umestawi kwa maji hayohayo”

Ule mkubwa una mizizi mirefu. Tena uvumilivu hutoka kwenye shina la chini, si kwenye aina ya avokado, kama Hass, iliyopandikizwa juu: mashina ya asili ya Karibi huvumilia zaidi, ya Guatemala wastani, ya Meksiko kidogo. Ukifika kitaluni, uliza mbegu ya chini ni ya nini. Wauzaji wengi watashangaa.

Kisima kilichochimbwa kwa utaratibu kina karatasi ya maabara, pengine imo kabatini. Chini ya maikrosimensi 700, chumvi si kikwazo. Ukikuta zaidi ya 3,000, achana na avokado kwa maji hayo. Katikati, na hata chini ya 700, linganisha pia sodiamu na kalisi kabla ya kununua miche.